Je, Mkristo Aweza Kuomba Kiti cha Hukumu?

Jumapili moja ya Novemba, baada ya ibada, dada mmoja wa usharika wetu hapa Houston aliomba dakika kumi katika kikao cha Baraza la Wazee. Ni wakili. Kwa miaka mingi amewatetea watu katika mahakama za jinai za mji huu, ingawa wengi wetu tulimfahamu zaidi kwa sauti yake ya pili katika kwaya. Alisema anafikiria kugombea ujaji wa mahakama ya jinai ya kaunti, kwamba mwisho wa kurudisha fomu ni Desemba, na kwamba hakuja kuomba kura. Alikuja na swali. "Wazee wangu, mimi niliyebatizwa, naweza kwenda kwa watu kuwaomba wanipe mamlaka ya kuwahukumu wenzao?"

Kabla hajaketi, furaha ilikwisha kujaa chumbani. Mzee mmoja alisimama akasema, "Hatimaye na sisi tutakuwa na jaji wetu!" Makofi yakapigwa. Mchungaji akatuongoza katika sala, dada akashukuru, tukaingia kwenye ajenda ya paa la jikoni. Mimi nilikuwa katibu wa kikao. Niliandika: "Baraza limempongeza." Nilipokuwa nikisafisha kumbukumbu zile usiku ndipo nilipoona kwamba hakuna aliyemjibu. Aliuliza swali la dhamiri, akapewa makofi.

Insha hii ni jibu langu lililochelewa. Sina elimu ya theolojia. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo huko Tanzania kabla ya kuja huku, na kwa hiyo nimekaa karibu na kiti hicho bila kukikalia.

Kwa msomaji aliye nyumbani, au aliyefika Texas juzi, jambo lenyewe linahitaji maelezo. Kwetu Tanzania jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na hakimu huteuliwa na Tume. Hakuna hakimu anayebandika picha yake kwenye nguzo ya umeme. Texas, majaji wa karibu kila ngazi hupigiwa kura, tena kwa tiketi ya chama, kama wabunge. Kwanza wanashindana ndani ya chama katika kura za mchujo mwezi Machi, kisha washindi wanakutana Novemba, na anayepata kiti hiki cha kaunti hukaa miaka minne. Kaunti ya Harris, ambayo Houston ni makao yake, ina watu zaidi ya milioni 4 na mahakama 16 zinazosikiliza makosa ya jinai yaitwayo madogo: kuiba kitu dukani, kuendesha gari umelewa kwa mara ya kwanza, kupigana, kuingia mahali ulipokatazwa. "Madogo" ni jina tu. Kundi la juu la makosa hayo lina kifungo cha hadi mwaka mmoja katika jela ya kaunti, pamoja na faini inayofika dola 4,000. Na kwa mtu asiye raia, hukumu ya wizi wa suruali yaweza kuwa mwanzo wa safari ya kurudishwa alikotoka. Ndiyo maana Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2010 kwamba wakili anayemtetea mgeni ana wajibu wa kumweleza hatari hiyo kabla mteja wake hajakiri kosa.

Tusiwacheke Wamarekani kwa utaratibu huu. Mississippi ilipokuwa jimbo la kwanza kuwachagua majaji wake wote kwa kura, mwaka 1832, hoja iliyokuwa ikisikika nchini ni kwamba majaji wa kuteuliwa ni watu wa wakubwa. Sisi tuliotoka nchi za uteuzi tunajua hoja hiyo inazungumzia nini. Jaji aliyewekwa na mkubwa anaweza kumwangalia mkubwa. Aliyewekwa na watu anaweza kuwaangalia watu. Kila njia ina mahali ambapo jicho linavutwa pembeni.

Pingamizi la kwanza linalomjia Mkristo ni neno la Bwana katika Mathayo 7 kwamba tusihukumu. Sitakaa hapa sana. Bwana anamsema mtu mwenye boriti jichoni anayejitia kumtoa mwenzake kibanzi, na sioni kwamba alikuwa akifunga mahakama. Hata hivyo wapo Wakristo waliolichukua neno hili kwa uzito unaotutia haya. Waanabaptisti waliokutana Schleitheim mwaka 1527 walikubaliana kwamba mfuasi wa Kristo asishike cheo cha hukumu, wakakumbusha kwamba Bwana mwenyewe alikataa kuwaamua ndugu wawili waliogombea urithi (Luka 12). Miaka minne kabla yao Luther alikuwa ameandika kinyume: ukiona pana upungufu wa majaji, wa askari, hata wa wanyongaji, nawe wajiona unafaa, jitokeze uombe kazi hiyo kwa ajili ya jirani yako. Sisi Walutheri tumelelewa upande huo, nami nimebaki huko. Lakini napenda tumsome Luther pamoja na Augustino, ambaye kama askofu alilazimika kusikiliza mashauri ya watu karibu kila siku. Katika Mji wa Mungu anasema jaji mwenye hekima ataketi kitini kwa kuwa jamii inamdai aketi, ila anajua hawezi kuona ndani ya dhamiri za anaowahukumu. Kwa hiyo ataketi huku akimlilia Mungu amtoe katika ulazima huo. Hakimu mmoja niliyemtumikia alikuwa na tabia ya kunyamaza muda mrefu kabla ya kusoma adhabu. Sisi makarani tulidhani anatafuta miwani.

Basi kuhukumu kunaweza kuwa wito. Swali la dada yetu, hata hivyo, halikuwa hilo hasa. Aliuliza juu ya kuomba. Kuitwa ukahukumu ni jambo moja. Kupita nyumba kwa nyumba ukisema "nichagueni niwahukumu" ni jingine. Na hapa Maandiko yana mgombea mmoja ambaye kila anayetaka kiti hiki angepaswa kumsoma kabla ya kuchukua fomu.

Mgombea huyo ni Absalomu. Katika 2 Samweli 15 anaamka mapema, anasimama kando ya njia iendayo langoni, na kila mtu mwenye kesi anayekwenda kwa mfalme anamwita: Unatoka mji gani? Akiisha kujua, anamwambia kwamba madai yake ni mema na ya haki, ila mfalme hana mtu wa kumsikiliza; laiti yeye angefanywa mwamuzi wa nchi, kila mtu angepata haki yake. Mtu akitaka kumwinamia, Absalomu anamshika na kumbusu. Ni kampeni kamili. Ana gari, ana farasi, ana wapambe hamsini, anasalimia kwa mkono, anakumbuka kijiji chako. Hata lawama yake huenda ilikuwa na ukweli, kwa maana Daudi alikuwa ameshindwa kutenda haki nyumbani kwake mwenyewe, Amnoni alipomtenda uovu Tamari.

Angalia kosa lake liko wapi. Watu wengi husema ni tamaa ya cheo. Mimi naona limetajwa waziwazi zaidi: alimwambia kila mtu kwamba kesi yake ni njema, naye hajasikia upande wa pili. Mithali 18 inatuonya kwamba anayetangulia kusema huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumhoji. Absalomu hakumngoja mwenzake aje. Akawaambia wote wawili ndiyo, mmoja asubuhi na mwingine mchana. Kwa njia hiyo, inasema sura ile, aliiba mioyo ya Israeli. Neno ni kuiba. Mioyo ile ilitolewa kwa malipo ya hukumu ambayo hakuwa na uwezo wa kuilipa bila kumdhulumu mtu.

Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kati ya kugombea ubunge na kugombea kiti hiki, na sina hakika tunaifikiria. Mgombea ubunge akisema, "Mkinichagua nitawaletea barabara," amesema jambo halali. Mgombea ujaji akisema, "Mkinichagua nitawafunga wezi wote," amewahukumu watu ambao hajaona nyuso zao. Akisema, "Nitawahurumia vijana wetu," amefanya vilevile kwa upande mwingine. Mambo ya Walawi 19:15 ni kali kwa wote wawili: usimpendelee maskini, wala usimstahi mwenye nguvu. Kanuni za maadili ya majaji wa Texas nazo zinamkataza mgombea kuahidi ataamuaje kesi iliyopo au inayokuja. Sasa, ukiondoa ahadi, mgombea anabaki na nini cha kusema? "Nitafika kwa wakati. Nitasikiliza. Nitafuata sheria hata nisipoipenda." Maneno hayo hayajazi ukumbi.

Halafu kuna fedha. Dada alinieleza baadaye kwamba wachangiaji wa kwanza wa mgombea ujaji mara nyingi ni mawakili, yaani watu walewale watakaosimama mbele yake na kumwita Mheshimiwa. Yako majimbo yanayojaribu kuzuia. Florida inamkataza mgombea ujaji kuomba mchango kwa mdomo au kwa barua yake mwenyewe, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali katazo hilo kwa kura tano dhidi ya nne. Texas inaruhusu, kwa viwango. Mfano unaotisha zaidi ni wa West Virginia: mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe alitumia dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja kuingia mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2004, kisha jaji huyo akawa miongoni mwa watatu dhidi ya wawili waliofuta hukumu ya dola milioni 50 iliyoikabili kampuni hiyo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema alipaswa kujitoa katika kesi ile, na hata hilo lilipita kwa kura tano dhidi ya nne tu. Sheria ilihangaika na jambo ambalo Kumbukumbu la Torati 16 ilikwisha kulisema, kwamba zawadi humpofusha hata mwenye hekima.

Msifikiri haya ni ya makampuni tu. Wiki mbili baada ya kikao kile, mshirika mmoja alimfuata dada yetu uani kwa kanisa na bahasha ya dola 500. Akamwambia, "Chukua mwanangu, ili kesho utukumbuke." Dada akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. Akasema, "Baba, mchango wako naupenda. Hiyo 'ili' ndiyo naiogopa. Ukiweza kuiondoa, nitaandika stakabadhi." Mzee alikasirika. Alinunua vipeperushi vya mgombea mwingine? Hapana, alinuna tu, akanuna mpaka Krismasi. Lakini nilipomsikia akilalamika nilijiuliza kama mimi nilipopiga makofi sikuwa na "ili" yangu mfukoni.

Mtu atasema, kama ni hivyo, basi Mkristo mwema akae mbali na uchafu huu. Ni jibu safi, na Biblia inalo jibu lake kwa jibu hilo. Katika Waamuzi 9 Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu na kusimulia miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, una mafuta yake. Mtini ukakataa, una utamu wake. Mzabibu ukakataa. Kila mmoja alikuwa na kazi njema ya kufanya, na sababu zao zote ni nzuri. Ukizisikia kanisani ungesema amina. Mwishoni miti ikauendea mti wa miiba, na huo ukakubali mara moja, ukatoa na masharti.

Kwamba nani anaketi pale ni jambo lenye uzito, mji wetu wenyewe ni shahidi. Mwaka 2016 mama mmoja kijana alikamatwa hapa Houston kwa kuendesha gari akiwa na leseni batili. Aliwekewa dhamana ya dola 2,500. Hakuwa nazo, akabaki ndani. Kesi iliyofunguliwa kwa jina lake katika mahakama ya shirikisho ilifichua kwamba hilo lilikuwa jambo la kila siku: mwenye fedha na asiye nazo walishtakiwa kosa lile lile, mmoja akalala kwake na mwingine akalala sakafuni jela, na wala hakuna aliyekuwa amemwona kuwa na hatia. Utafiti wa kesi za kaunti hii uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliobaki ndani walikuwa na uwezekano wa asilimia 25 zaidi wa kukiri kosa kuliko wenzao wa hali kama yao waliotoka. Mtu anakiri apate kurudi kazini. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka nyuso nilizoziona mimi mwenyewe kwenye kizimba cha mbao, watu waliosema "ni kweli" kwa uchovu, nami nikaandika.

Aprili 2017 jaji wa shirikisho, Lee Rosenthal, aliamua kwamba utaratibu ule unavunja Katiba. Majaji wengi kati ya wale 16 wakaendelea kuupinga uamuzi huo kwa rufaa. Novemba 2018 ukaja uchaguzi. Majaji wa chama kimoja wakaondolewa, wapya wakaingia, na mwaka uliofuata makubaliano ya kubadilisha dhamana yakatiwa saini. Wapo wasioyapenda makubaliano hayo mpaka leo, na mabishano yake hayajaisha. Ninachotaka muone ni hiki: kura iliyowaondoa waliopinga ilimwondoa pia jaji mmoja wa chama hicho hicho aliyekuwa amejitenga na wenzake na kuunga mkono mabadiliko. Enzi hizo mpiga kura wa Texas aliweza kubonyeza mara moja akachagua chama kizima toka juu hadi chini. Jaji yule alikuwa amefanya lililo gumu, akaanguka pamoja na wote. Kura iliyofungua mlango wa haki ndiyo iliyotenda jambo lisilo la haki, na zote mbili ni kura moja.

Kwa hiyo nikarudi kwenye neno la mzee wetu, "jaji wetu," kwa kuwa naona shida yote imejificha humo.

Katika usharika wetu kuna mama ambaye mwanawe wa miaka 19 alikamatwa dukani. Siku ile ya kikao mama huyu alikuwa jikoni akiandaa chai, akasikia makofi, akaambiwa sababu. Alilia kwa furaha. Akanishika mkono akasema, "Kaka, Mungu amesikia. Sasa tuna mtu." Sikuwa na moyo wa kumweleza. Kwanza, uchaguzi wenyewe ulikuwa bado mwaka mzima. Pili, kama dada yetu angekuwa tayari amekaa kitini asubuhi ile, kesi ya kijana huyu ndiyo hasa asingeisikiliza. Anamjua tangu akiwa darasa la Jumapili. Sheria ingemtaka ajitoe, na asingengoja kutakiwa. Kuwa na "jaji wetu" maana yake ni kwamba watoto wetu wanapelekwa kwa jaji mwingine.

Na la tatu, ambalo lilinichukua muda zaidi kuliona: mama huyu hapigi kura. Ana kadi ya ukaaji, hana uraia. Mwanawe vilevile. Nikahesabu kichwani washirika wetu ambao katika miaka hii wamewahi kusimama mbele ya mahakama hizo 16. Karibu wote ni wageni. Mimi ambaye kura ninayo sijawahi kuitwa hata kwa kosa la kuegesha gari. Hivyo mgombea wa kiti hiki anakuja kubisha mlango wangu, anacheka nami, anakula sambusa zangu, kisha anakwenda kumhukumu mtu mwingine. Anayemweka na anayehukumiwa si mtu mmoja. Wakulima wanaomchagua mbunge ndio watakaopita kwenye barabara yake. Wapiga kura wa jaji wa jinai, kwa sehemu kubwa, hawatakanyaga mahakamani kwake.

Musa aliliona jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati 1 anawakumbusha Israeli jinsi waamuzi walivyopatikana: aliwaambia watu wenyewe walete watu wenye akili na wanaojulikana, nao wakaona ni vema, ndipo akawaweka. Kura yetu ina babu yake pale. Lakini mara moja agizo alilowapa waamuzi wale likawageukia watu wasiokuwa na sauti katika kuwaleta: waamue kwa haki kati ya mtu na ndugu yake, na mgeni aliye pamoja naye. Wasiogope uso wa mtu, kwa sababu hukumu ni ya Mungu. Watu wanaleta, hukumu haiwi mali ya walioleta.

Kiswahili chetu cha Biblia kinamwita yule jaji wa Luka 18 kadhi, mtu asiyemcha Mungu wala kumjali mwanadamu. Tunamkumbuka kwa ubaya, na ni haki yake. Lakini nusu ya sifa yake kila mgombea angetamani kuwa nayo: hakuna mtu aliyeweza kumtisha. Tatizo ni kwamba hakumwogopa Mungu pia, kwa hiyo mjane alipata haki kwa sababu tu alimchosha. Upande wa pili yuko Pilato. Huyu hakupigiwa kura na mtu. Aliteuliwa kutoka Roma. Alijua mshtakiwa hana hatia, akasema hivyo hadharani, kisha, kama Marko anavyoeleza, akataka kuwaridhisha makutano. Ninyi mnaosema uteuzi unamkinga jaji na umati, mkumbukeni Pilato. Na sisi tunaosema kwaya ya umati siku ile walikuwa Wayahudi wa Yerusalemu, watu wa mbali, tukumbuke chumba chetu cha Baraza na makofi yake. Hatukupiga kelele ya mtu asulubiwe. Tulifurahi tu kwamba safari hii jaji atawaangalia watu wetu. Mama wa mtu aliyeibiwa hakuwamo chumbani.

Basi hili ndilo ningemjibu dada yetu. Ndiyo, unaweza kuomba, mradi unachoomba ni kuaminiwa na watu utakaoweza kuwakatalia. Useme hivyo kwa mdomo wako kabla hawajakupa kura, ili baadaye asiwepo wa kusema umemwibia moyo. Mgombea wa namna hiyo atapoteza baadhi ya kura, labda nyingi. Na sehemu kubwa ya kazi hii si yake. Ni yetu sisi wenye kura, kuitoa kura bila "ili", kama mtu anayeshika amana ya mama aliye jikoni na ya mwenye duka pia. Sijui usharika mwingi unaoweza. Wa kwetu bado haujaweza.

Kikao kilichofuata niliomba kumbukumbu zirekebishwe. Nilitaka iandikwe kwamba dada aliuliza swali na Baraza halikujibu. Mzee wa "jaji wetu" alisema ninaleta siasa. Tulijadiliana kwa nusu saa, na ile ajenda ya paa ikasogezwa tena mbele. Mwishowe wakakubali sentensi moja, "Swali litajadiliwa," na mpaka naandika haya halijajadiliwa.

Dada aligombea. Alisema alichosema, kwenye kumbi ndogo, watu kumi, watu kumi na wanne. Machi hakushinda. Jumapili iliyofuata alikuwa katika nafasi yake kwenye kwaya, sauti ya pili, na aliyemrudishia bahasha alimsalimu.

Kesi ya yule kijana ilikuwa imeitwa mwezi uleule wa Machi. Nilimsindikiza mama yake kwa sababu ya lugha. Tulikaa benchi la nyuma kabisa. Jaji alipoingia wote tukasimama, nikaona jina lake kwenye kibao cha mbele, nikajaribu kukumbuka kama niliwahi kuliona mahali. Mama akaninong'oneza, "Huyu ni mtu wa namna gani?" Nilijua kwamba katika uchaguzi uliomweka pale nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya kura, nikachagua gavana, nikachagua mbunge, kisha nilipofika kwenye orodha ndefu ya majaji nikaona nimechelewa kazini, nikabonyeza mbele, mbele, mbele, hadi mwisho. Nikamwambia mama simjui.